Kikinga kifua au kikinga mgongo: mwendesha pikipiki wa Malindi aanze na kipi?

#1 Mpanda wa Sabaki

Salaam, wanajukwaa. Ninaweka dai mezani na ninaomba lipingwe kwa hoja: kwa mtu anayetumia pikipiki ya cc 150 kati ya Malindi na Garsen karibu kila juma, fedha ya kwanza baada ya helmeti iende kwenye kikinga kifua, kikinga mgongo kingoje zamu yake. Nimepita madukani Mombasa na nimeulizia kwa wauzaji wa Nairobi, na kila mahali ninaonyeshwa mgongo kwanza. Kifua hutajwa ukiuliza, tena kwa shingo upande.

Sababu yangu ni hii. Wanaoshindana mbio huanguka kwenye uwanja mpana, wakateleza na kubingirika, na mara nyingi hakuna cha kuwagonga. Sisi huku hukutana na kitu mbele yetu: kundi la ng'ombe linalovuka karibu na Minjila, lori la chumvi linaloingia barabarani pale Gongoni, tuktuk inayokata kona Barani huku dereva amegeuka nyuma kuzungumza na abiria. Kinachotangulia ni kifua, kwanza kwenye usukani, kisha kwenye hicho kitu chenyewe.

Mwaka huu nina uwezo wa kununua kimoja tu. Ninaomba pia mnieleze habari ya joto, kwa sababu kitu nisichoweza kukivaa mwezi wa pili saa nane za mchana hakinifai hata kikiwa na sifa zote.

#2 Kijana wa Muyeye

Kaka Mpanda, sisi wa bodaboda kinga yetu ni koti la viakisi nuru na dua ya mama. Sheria inatudai helmeti na koti hilo, sisi na abiria wetu, na siku tukivaa vyote viwili sote kwa pamoja huwa ni sikukuu. Sijui ni nani atakayekaa kituoni kuanzia alfajiri hadi magharibi akiwa amefungwa plastiki kifuani. Lakini endeleeni, ninasoma.

#3 Mwalimu wa Ganda

Ninaikubali nusu ya dai la Namba 1 na kuikataa nusu nyingine. Tutenganishe kimo unachoanguka na mwendo uliokuwa nao. Mtu anayeporomoka kutoka kwenye tandiko, mwili ukishuka kama mita moja, hufika ardhini kwa mwendo wa kushuka wa takriban kilomita 16 kwa saa, awe alikuwa akienda 30 au 80. Ule mwendo wa kwenda mbele humalizika kwa kuteleza, na hiyo ni kazi ya kitambaa cha jaketi. Kikinga kimeundwa kwa ajili ya pigo la kushuka. Maabara hukidondoshea chuma cha kilo 5 kutoka kimo cha mita moja hivi, yaani nishati ya juli 50, kisha hupima nguvu inayopenya hadi upande wa mwili.

Sasa mchukue mtu wa kilo 70 aliye kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Ana nishati ya karibu juli 9,700. Akisimamishwa ghafla na ubavu wa lori, hakuna bamba la kifuani lenye unene wa sentimita 2 litakaloimeza nishati hiyo. Kwa hiyo lori la chumvi halisaidii hoja ya kifua wala ya mgongo. Linasaidia hoja ya breki. Mfano wa usukani ndio wenye uzito, kwa kuwa ncha ya usukani ni ndogo, na ganda zuri la kifuani hulitawanya pigo la mahali padogo likaenea mahali papana.

#4 Mshona Turubai

Mimi ni fundi wa cherehani nzito. Ninashona turubai, tanga na viti vya pikipiki, na jaketi za waendeshaji huletwa kwangu zikishapasuka. Kabla hamjaendelea kushindana, kila mwenye jaketi afungue mfuko wa ndani wa mgongoni na atoe kilichomo. Katika jaketi nyingi ninazozifungua, mabegani na viwikoni mna vipande vizito vyenye maandishi yaliyochorwa kwenye kipande chenyewe, lakini mgongoni mna sponji nyepesi, unene wake kama kidole, ambayo ukiibana kati ya kidole gumba na cha shahada vidole vinakutana. Haina herufi hata moja. Imewekwa ili mfuko usionekane mtupu, na mwenye jaketi huapa kwamba ana kikinga mgongo.

#5 Tabibu wa Zamu

Ninafanya kazi katika chumba cha majeruhi, na sitasema ni wapi. Ninachangia kuhusu mwili tu, biashara ninawaachia wenyewe.

Kifua kikigongwa, mbavu huvunjika, na ubavu uliovunjika unaweza kulitoboa pafu hewa ikaingia mahali isipostahili kuwa, kati ya pafu na ukuta wa kifua. Hilo linaua haraka, na linaua zaidi mahali ambapo safari ya kufika hospitalini ni ndefu, kama kutoka Marereni au Baricho. Moyo na mishipa mikubwa iko nyuma ya kidari. Katika hilo ninasimama pamoja na Ndugu Mpanda.

Kuhusu mgongo, watu wanatarajia mengi mno. Majeraha mabaya ya uti wa mgongo, yale yanayoleta kupooza, kwa kawaida hayatokani na jiwe kuupiga uti moja kwa moja. Hutokana na mwili kukunjwa, kusokotwa, au kushindiliwa kutoka kichwani au makalioni, na sahani ya mgongoni haizuii mambo hayo. Inachozuia ni michubuko, nyama kupondeka, mbavu za nyuma kuvunjika na pingili kupasuka kwa pigo la moja kwa moja. Hayo si madogo, ila anayekivaa akidhani hawezi kupooza amejidanganya.

#6 Mpanda wa Sabaki

Ahsante, Tabibu. Mwalimu, hesabu yako imelimaliza lori langu lakini imeuacha usukani, na mimi ninatosheka nao.

#7 Mgongo Kwanza

Jina langu linatosha kueleza msimamo wangu, nami nina sababu ambayo hakuna aliyeitaja. Ninabeba samaki kutoka Ngomeni hadi sokoni. Nyuma yangu pana kreti lililofungwa kwa mipira, lenye barafu na samaki, na ukingo wake uko sentimita chache kutoka mgongoni mwangu. Nikikanyaga breki ghafla, kabla sijafika popote kreti limeshanifikia. Wanaobeba mitungi ya gesi, madebe ya maji na magunia ya mkaa wako hivyo hivyo, nao ndio wengi barabarani. Huo usukani mnaouogopa nimewahi kuugusa kwa mapaja; kreti ninalipokea mgongoni kila mara mbuzi anapokatiza Mambrui.

#8 Kijana wa Muyeye

Mzee wa samaki ameshinda mpaka sasa. Kumbe anajikinga na changu na tasi waliokufa.

#9 Mwalimu wa Ganda

Hoja ya Namba 7 ni nzuri, lakini dawa yake ya kwanza ni kreti kufungwa kwenye karieri kwa kamba isiyonyumbulika. Mpira huvutika, mzigo ukapata nafasi ya kujijengea mwendo kabla ya kukufikia. Kikinga kije baada ya hapo.

#10 Chanjo za Marafa

Habari zenu. Mimi ni mwanamke, ninaendesha pikipiki ya kazi kupeleka chanjo upande wa Marafa, na nimevisoma vyote vilivyoandikwa hapa nikiona kifua kinazungumzwa kana kwamba vifua vyote ni ubao. Nilijaribu kikinga cha kipande kimoja, kile bamba pana lililonyooka. Kilinibana matiti, kikaacha uwazi chini ya kidari, na nilipoinama kushika usukani ukingo wake wa juu ulinifika kooni. Baadaye nilipata cha vipande viwili vinavyobanwa upande wa kulia na wa kushoto ndani ya jaketi, zipu ikipita katikati. Hicho ninakivaa siku nzima.

Je, wanaojua viwango wanaweza kuniambia kama cha vipande viwili ni duni?

#11 Duka la Vipuri

Bi Chanjo, ukiona herufi CE kwenye bidhaa ujue imepimwa na imepita, kiwe kipande kimoja au viwili. Mimi ninauza jaketi za wavu zenye vikinga vya kifua, mgongo, mabega na viwiko kwa pamoja, zote zina CE, na bei ni ya kuelewana.

#12 Mwalimu wa Ganda

Namba 11, herufi CE peke yake haimwambii mnunuzi kilichopimwa. Inaweza kuwa inahusu jaketi au vikinga vya viwiko tu. Lazima namba ya kiwango cha Ulaya, ile inayoanza na EN, iwe kwenye kikinga chenyewe. EN 1621-1 ni ya mabega, viwiko, nyonga na magoti. EN 1621-2 ni ya mgongo, na hapo hutafutwa herufi: FB ni mgongo mzima, CB ni sehemu ya kati, LB ni kiunoni. EN 1621-3, iliyotoka mwaka 2018, ni ya kifua, na inakitambua kikinga cha kipande kimoja na kile kilichogawanyika, kwa hiyo Bi Chanjo hakuvaa kitu cha pembeni. Tofauti yake ni kwamba kilichogawanyika huacha mstari wa katikati ya kidari bila kufunikwa, na kila mtu apime mwenyewe kati ya hilo na kikinga kizuri kinachobaki nyumbani kwa sababu hakivaliki.

Kisha kuna daraja. Kwa mgongo, daraja la 1 linaruhusu wastani wa nguvu inayopenya usiozidi kilonyutoni 18, na pigo lolote moja lisizidi 24. Daraja la 2 linaruhusu wastani wa 9, na pigo moja lisizidi 12. Tofauti hiyo ni kubwa, na ukiweza kukivaa bila kuchoka, hutajuta kununua la 2.

Kuhusu joto aliloliuliza Ndugu Mpanda: tafuta alama ya T+. Inamaanisha kikinga kilipimwa pia kikiwa na joto la nyuzi 40. T yenye alama ya kutoa ni ya baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri, na hiyo waachieni wenye theluji.

#13 Nahodha Mstaafu

Mwalimu, umetaja viwango na umenikumbusha jambo. Swali la Namba 1, kwa nini wauzaji hutanguliza mgongo, lina jibu la kihistoria. Kikinga mgongo kilitoka kwenye mashindano: kampuni ya Dainese ya Italia ilimvisha mkimbiaji wa pikipiki Muingereza, Barry Sheene, kikinga chake cha kwanza mwaka 1979, pingili za plastiki zilizopangwa kama mgongo wa kamba wa baharini. Waliofuata waliiga, na wateja waliwaiga wakimbiaji. Wataliano waliotujaza hapa Malindi ndio walionionyesha picha zake.

#14 Mshona Turubai

Nahodha, historia yako ni tamu, lakini mimi ninaona sababu iliyo karibu zaidi na sindano. Mgongoni mwa jaketi pana kitambaa kipana kisichokatwa, hivyo kushona mfuko ni kazi ya dakika chache. Mbele pana zipu, mifuko, kola na kitambaa kinachokunjana mtu akikaa. Kiwanda hufanya kilicho rahisi, na muuzaji huuza kilichofanywa.

#15 Mwalimu wa Ganda

Ninyi nyote mnaweza kuwa sahihi, lakini ongezeni tarehe. Kiwango cha mgongo kilikuwapo tangu mwaka 2003, cha kifua kikaja 2018. Kwa miaka 15 muuzaji wa mgongo alikuwa na lebo ya kumwonyesha mteja, na muuzaji wa kifua alikuwa na maneno matupu.

#16 Kijana wa Muyeye

Mmenishawishi kidogo, ninaleta pendekezo la watu wa kipato changu. Binamu yangu ni baharia wa boti za watalii, ana maboya ya kuvaa yaliyochakaa, yale ya rangi ya machungwa. Yana povu nene kifuani na mgongoni, yana mikanda, na yanaonekana mbali kuliko koti la viakisi. Kwa nini nisivae hilo?

#17 Nahodha Mstaafu

Mwanangu, vaa, na siku ukianguka kutoka daraja la Sabaki utaelea mpaka baharini ukiwa na heshima zako zote. Juu ya lami ni jambo jingine. Povu la boya limetengenezwa lishike hewa. Likigongwa na kitu chenye ncha hubonyea lote mara moja, na kinachobaki cha pigo hukifikia kifua. Boya lililochakaa, ambalo hata baharini halifai tena, ndilo baya kabisa, kwa sababu jua na chumvi vimelifanya povu likauke na kumeguka.

#18 Mtu wa Mitumba

Kijana, kuliko boya, fuatilia mitumba. Marobota hutoa mara nyingine fulana nzito za wapanda farasi, zenye vipande vya povu vilivyoshonwa kama vigae, na huuzwa rahisi kwa sababu wanunuzi hawazijui. Nilizoziona zina namba EN 13158. Je, Mwalimu, hizo zinafaa?

#19 Mwalimu wa Ganda

Hicho ni kiwango cha wapanda farasi, na madaraja yake ni matatu, la 3 likiwa la juu. Zinafunika kifua, mbavu na mgongo kwa pamoja, jambo ambalo vikinga vingi vya pikipiki havifanyi. Lakini zimepimwa kwa ajili ya kuanguka kutoka juu ya farasi na kukanyagwa, si kuburuzwa juu ya lami, kwa hiyo zivaliwe ndani ya jaketi imara. Shida yenu itakuwa joto, na umri usiojulikana wa povu. Angalieni pia msije mkanunua bamba la plastiki lenye EN 14021 mkadhani ni kikinga kifua; hicho ni kizuizi cha kokoto zinazorushwa na gurudumu la aliye mbele kwenye mashindano ya porini. Kwa kokoto kinafaa sana. Kwa usukani hakikupimwa.

#20 Duka la Vipuri

Nimekwenda kutazama jaketi zangu za wavu. Kwenye viwiko na mabega pana EN 1621-1. Mgongoni pana nembo ya kampuni tu, na kifuani hamna maandishi. Ninawashukuru kwa elimu, ingawa wateja wangu hawajawahi kuuliza.

#21 Mkaazi wa Lango Baya

Ninaleta kisa ambacho kinanisumbua. Shemeji yangu alianguka kwenye barabara ya changarawe, upande wa Kakoneni. Alivaa kikinga mgongo kipya, laini, chenye daraja la 2. Gurudumu la mbele lilizama kwenye mchanga, akatupwa, akafikia mgongo juu ya mawe. Jaketi lilibaki zima. Lakini kiunoni, upande wa kushoto, alipata alama nyeusi ya ukubwa wa kiganja, na kwa siku mbili mkojo wake ulikuwa na damu. Daktari alisema figo imepondeka, naye akapona bila kupasuliwa. Ikiwa kikinga kilikuwa cha daraja la juu, kwa nini yalimfika hayo?

#22 Mwalimu wa Ganda

Pole kwake. Tazama herufi. Kikiwa CB, kiuno hakikuwa ndani ya eneo lake, na figo ziko pembeni ya uti. Mtu hununua cha kati kwa sababu ni chepesi na ni rahisi, kisha anasahau kwamba kimeishia juu ya mshipi.

#23 Mkaazi wa Lango Baya

Nimekitazama sasa hivi. Kimeandikwa FB.

#24 Mshona Turubai

Basi kilipanda. Kikinga cha kuvaa kama mkoba, chenye mikanda ya mabegani na mshipi wa tumboni, hukaa mahali pake mshipi ukikazwa. Jasho na vumbi likijaa kwenye velkro, mshipi huachia kidogo kidogo, na mtu akitupwa mikono ikiwa juu, kikinga chote hufuata mabega. Mwambie akivae, anyanyue mikono, nawe ukivute kwa juu. Kikisogea zaidi ya upana wa vidole viwili, umepata jibu.

#25 Mpanda wa Sabaki

Mimi ninashuku joto. Alikuwa amekiacha wapi kabla ya safari? Nimeona watu wakikitundika kikinga kwenye usukani juani, mbele ya hoteli, wakila. Vile vilivyo laini, vinavyokakamaa vikigongwa, hulegea vikiwa na joto kali, na huenda pigo likapita kabla havijakaza.

#26 Mkaazi wa Lango Baya

Lebo yake haina T+. Na ndiyo, alikuwa amesimama Kakoneni kula, pikipiki ikiwa juani. Lakini mshipi wake nao umelegea, nimeuona.

#27 Tabibu wa Zamu

Kabla ya joto na mshipi, ulizeni alikuwa na nini kiunoni. Nimeshona watu waliochomwa na spana, bisibisi na hata simu zao wenyewe, kwa sababu walizifunga kwenye mkoba wa mshipini. Kitu kigumu kati ya kikinga na mwili hulikusanya pigo mahali pamoja.

#28 Mkaazi wa Lango Baya

Alikuwa na mkoba mdogo wa spana. Yeye anasema ulikuwa upande wa kulia.

#29 Mgongo Kwanza

Mnatafuta kosa la kikinga, mimi ninaona kimefanya kazi. Aliangukia mawe, uti wake ni mzima, yuko nyumbani. Bila kikinga tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Hata Tabibu amesema pigo la moja kwa moja ndilo kinalolizuia.

#30 Tabibu wa Zamu

Inawezekana. Lakini ninamwona pia mtu ambaye hakuvaa chochote, akaanguka hivyo hivyo, akainuka akiwa na mchubuko. Mtu mmoja hathibitishi, wala hapingi.

#31 Wa Mokowe

Ninaandika kutoka upande wa Lamu. Huku kwetu, kutoka Mokowe hadi Witu na kuendelea Garsen, lami imenyooka na watu wanaenda mbio, hivyo kuanguka kwa kuteleza kupo. Ninauliza jambo jingine: mgeni mmoja aliniachia fulana ya hewa, ile ambayo kamba yake hufungwa kwenye pikipiki na ukitupwa inavuta kiziba, hewa inajaa kifuani, mgongoni na shingoni. Nimeipenda kwa kuwa inakinga pande zote mbili na ubishi wenu unaisha. Je, kuna anayeitumia?

#32 Nahodha Mstaafu

Ubishi hauishi kirahisi. Fulana za kamba zina kiwango chake, EN 1621-4, na ni kitu cha kweli. Katika MotoGP, mashindano ya dunia ya mbio za pikipiki, kila mkimbiaji analazimika kuvaa mfumo wa hewa tangu mwaka 2018, ingawa wao hutumia wa umeme usio na kamba. Tatizo la huku ni mtungi mdogo wa gesi. Ukishafyatuka mara moja, hata kwa kusahau kuifungua kamba wakati wa kushuka, unahitaji mwingine wa ukubwa ule ule, na sijauona ukiuzwa Malindi. Tazama pia kutu kwenye kiziba; hewa ya chumvi haimwachi mtu.

#33 Mwalimu wa Ganda

Tena inafaa pale tu unapotengana na pikipiki. Ukigongwa na kreti la Mzee wa samaki ungali umekaa kwenye tandiko, kamba haijavutika.

#34 Mgongo Kwanza

Ninashukuru kreti langu limekuwa kipimo cha taifa.

#35 Chanjo za Marafa

Kuhusu joto la kuvaliwa, kwa kuwa Ndugu Mpanda aliliuliza na tukalipita haraka: jaketi la wavu lenye vikinga vyenye matundu linavalika ukiwa kwenye mwendo, na ukisimama unafungua zipu yote. Kinachonitesa ni kikinga laini kisicho na tundu kinacholala juu ya fulana. Mgongo huloa, na jasho likikauka huacha chumvi inayowasha. Ninavaa fulana nyepesi ya mikono mirefu ndani, na jioni ninaosha vikinga kwa maji baridi na sabuni kidogo, kisha ninavianika kivulini. Cha kwanza nilikianika juani kwenye bati, kikaanza kupasuka kingo kabla ya mwaka kwisha.

#36 Mshona Turubai

Kingo kupasuka na kunata kidoleni ni dalili ya povu kuoza kwa unyevu. Pwani huoza upesi. Watengenezaji wengi husema kibadilishwe baada ya miaka mitano hivi. Mimi ninasema kikunje mara kwa mara, na kikiacha mstari mweupe au kikitoa unga, kimekwisha hata kama ni cha mwaka jana. Na kuna hili la jaketi lenyewe: upo utafiti wa Australia wa mwaka 2011 uliowachunguza waendeshaji 212 walioanguka, ukakuta karibu jaketi tatu katika kila kumi ziliharibika zikashindwa kazi. Mshono ukifunguka, kikinga kinabaki nyuma barabarani.

#37 Mpanda wa Sabaki

Nimewasoma wote. Ninaelekea kwenye cha kifua cha vipande viwili kama cha Bi Chanjo, daraja la 2 nikilipata, ndani ya jaketi la wavu, na ile sponji ya mgongoni niitoe niingize cha FB nitakapopata fedha. Swali lililobaki ni kipimo: kwenye mtandao wananiuliza urefu wangu, na mwingine ananiuliza uzito.

#38 Mshona Turubai

Kwa mgongo, urefu wa kusimama hausemi kitu. Wapo warefu wa miguu. Pima kutoka kiunoni hadi begani, hiyo ndiyo namba inayoandikwa kwenye kikinga. Kisha ukivae, ukae kwenye pikipiki yako mwenyewe ukiwa na helmeti, na utazame juu. Nyuma ya helmeti ikigonga kikinga, ni kirefu kwako, na ukianguka kitakisukuma kichwa mbele. Kabla ya kuingiza FB kwenye mfuko wa jaketi, pima na mfuko pia, maana mingi imeshonwa kwa ajili ya CB. Ukija nayo karakana nitaupanua.

#39 Mgongo Kwanza

Ndugu Mpanda, umetusikiliza sote na bado unaanza na kifua. Unabeba nini nyuma ukienda Garsen?

#40 Mpanda wa Sabaki

Sanduku la vifaa vya kupimia maji. Limefungwa kwa mipira.

#41 Mgongo Kwanza

Nilijua.

#42 Tabibu wa Zamu

Bado kifua. Sanduku alifunge kwa kamba.